Kitufe cha Nisubiri

Tuanze na hili ili lisije likasumbua mbele: Tulia hakumwua baba mkwe wake. Wapo waliosema hivyo pale kwao Kawetele, kwa sauti ya chini, wakimenya ndizi za msiba, na ndizi zenyewe zilitoka kwenye migomba aliyoipanda Tulia. Binadamu ndivyo tulivyo. Wapo pia waliomwambia hana kosa lolote, ajali haina kinga, na hao ndio waliomuumiza zaidi, kwa sababu walisema bila kujua.

Tulia ni mwalimu wa hesabu na kompyuta katika sekondari ya kata, mtoto wa wakulima wa Nkunga, mwanamke mfupi, mpole wa mdomo na mkali wa kalamu nyekundu. Miaka sita alikaa kiwanja kimoja na wakwe zake: nyumba mbili za matofali ya kuchoma, migomba katikati, hatua ishirini kutoka mlango hadi mlango. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni.

Asishangae mtu. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hamwangalii baba wa mumewe, hali naye, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite, na anayeingia shambani siku zote ni mkwe. Vijana wengi wameiacha mila hiyo. Lakini Mzee Amoni, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, aliishika sawasawa na Biblia yake, na mkewe, Mama Elina, aliishika kuliko yeye. Basi Tulia naye akaishika. Darasani alikuwa na mwanafunzi aitwaye Amoni. Alimwita "wewe wa dirishani" tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, na mtoto wa watu akahitimu akidhani mwalimu hajawahi kulijua jina lake.

Mumewe, Asajile, alikuwa fundi wa simu na televisheni mjini Tukuyu. Alipokuwa mdogo, baba yake, wakati huo akisimamia mashine kwenye kiwanda cha chai, alimletea kutoka Mbeya mashine ya gemu ya Kichina, ile ya kaseti za njano inayochomekwa kwenye televisheni. Baba na mwana walicheza gemu ya vifaru viwili vinavyolinda ngome moja, kila siku ya mapumziko baada ya chai ya saa kumi, mpaka siku mashine ilipotoa moshi. Asajile hakuisahau. Alipokua akaanza kuandika programu ya kuifanya kompyuta ijifanye ile mashine iliyoungua, kisha akataka iigize na nyingine zilizokuja baada yake, hata zile za diski. Programu akaiita Sebule, kwa sababu mashine zote zingekaribishwa humo. Sehemu ngumu ziliandikwa na mkewe, na Asajile hakuona aibu kulisema mbele ya wateja.

Mwaka wa tatu wa ndoa yao, lori lililokatika breki lilimkuta kwenye mteremko wa kuingia Kiwira. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Baada ya maziko Mzee Amoni aliacha kusema. Aliacha kunyoa ndevu, akaacha kanisa, akawa anakaa kwenye kiti chake akiitazama televisheni iliyozimwa. Chakula alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani.

"Mwanangu," Mama Elina alimwambia Tulia jikoni, "huyu anamfuata mwenzake. Mimi nimemsemesha mpaka maneno yameniisha."

Tulia hakuwa na neno la kumsemesha, maana hakuruhusiwa. Alichokuwa nacho ni Sebule. Akanunua waya mrefu, akaupitisha ndani ya bomba kuukuu la maji, akalifukia chini ya migomba, upande mmoja kwenye kompyuta yake, upande wa pili kwenye kompyuta ya marehemu, ambayo Mama Elina aliiweka sebuleni mwa mzee kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Saa kumi ikafika. Kwenye skrini ya Tulia kifaru cha pili kilisimama robo saa nzima, kimeduwaa. Kisha kikasogea hatua moja. Kikageuka. Kikapiga risasi moja ukutani, kama mtu anayekohoa kabla ya kuongea.

Tulia aliendesha kifaru chake huku akilia. Jioni ile mzee alimaliza sahani.

Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi, akitoka shule. Ndugu wa Nkunga walimtuma mjomba wake, Jairo, kuja kuuliza anangoja nini kwenye nyumba isiyo na mume wala mtoto. Tulia akamchinjia kuku, akamjibu kwamba kuna kazi hajaimaliza. Mjomba akala kuku na kurudi bila kuelewa. Lakini huo ndio ulikuwa ukweli wote: mzee yule alikuwa ameshikiliwa duniani na waya mmoja, na fundi wa waya ni yeye.

Na mzee hakuwa mchezaji tu, aligeuka mkaguzi. Programu hakuijua hata mstari mmoja, lakini mtu aliyekaa miaka ishirini na saba akisikiliza mashine za kukaushia chai, sikio lake hulidanganyi. Mama Elina ndiye aliyebeba habari. Alikuja na ungo mkononi akasema, "Mzee anasema mlio wa risasi umekonda. Zamani ulikuwa na kifua." Tulia akapekua, akakuta kweli, sauti moja kati ya zile za mashine ilikuwa inasoma namba isiyo yake. Akarekebisha. Kesho yake, "Mzee anasema maji ya mtoni yanakimbia." Kweli, yalikimbia, kwa kiasi ambacho macho ya Tulia yasingekiona mwaka mzima. Alipokamilisha mashine ya pili na ya tatu, mzee alizijaribu zote, kwa heshima ya mgeni anayeonja mboga asiyoizoea, kisha akarudi kwenye vifaru vyake.

"Nimekuwa posta," Mama Elina alilalamika, lakini alilalamika akicheka, na kicheko kilikuwa hakijasikika kiwanja kile tangu msiba.

Kwa kuwa wachezaji wenyewe hawakuweza kusemeshana, walijikuta wamepata njia. Kitufe cha kusimamisha mchezo, ukikibonyeza mara moja, maana yake nisubiri: mzee anakwenda kutema tumbaku, au Tulia anaepua sufuria. Mara mbili, basi kwa leo. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Na anayesubirishwa alisubiri, hata nusu saa, bila kugusa kitu.

Mwezi wa saba Mama Elina alikuja bila ungo, akavuta kigoda.

"Mzee wako ana neno," alisema. "Anasema amechoka kukukimbia. Yule mbuzi mwenye doa jeusi anataka tumchinje, mchungaji aje aombe, na wewe umsalimie kwa mkono kama binti yake wa kumzaa. Anasema, ataishi mpaka lini na mtu anayemjua kwa kifaru tu?"

Tulia aliinamisha kichwa. Furaha ilimpanda, na haya ikapanda pamoja nayo. Angevaa nini? Angesema nini, yeye ambaye kwa mzee huyo hajawahi kutoa hata chafya?

"Mwambie baba nashukuru sana," alijibu. "Ila tusubiri Krismasi, mama. Mitihani ya kidato cha nne iishe, na hii programu itulie. Nataka nimsalimie nikiwa na kitu kilichokamilika."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Mbuzi akafungwa nyuma ya jiko, akawa anapelekewa maganda ya ndizi kila asubuhi, akanenepa.

Sasa sikiliza kasoro yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa. Kompyuta mbili zinazocheza pamoja hazitumiani picha. Kila moja inacheza mchezo wote peke yake, na zinatumiana vitufe tu: mzee amebonyeza, mzee ameachia. Habari ya kuachia ikipotea njiani, upande wa pili kifaru chake kitapiga risasi mpaka Yesu arudi. Hilo lilitokea mara mbili tatu mwezi wa tisa. Kitufe cha kusimamisha ndicho kilichozidi kwa ukorofi: kikibonyezwa upande wa mzee na kuchelewa kufika, kompyuta moja inasimama na nyingine inapiga hatua moja mbele, na tangu hapo kila moja inakwenda kivyake. Mzee anaona ngome imesimama, Tulia anaiona imebomoka.

Wiki tatu Tulia aliifukuza kasoro hiyo. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, baada ya mchezo, akaamua kupunguza mambo ili aone vizuri. Akaandika mstari mmoja: kitufe cha kusimamisha cha mchezaji wa pili, yaani mzee, kipuuzwe pande zote mbili. Kwa muda tu, mpaka Jumapili. Alifikiria kumwambia Mama Elina amjulishe mzee, lakini mama alikuwa anapiga pasi sare ya kwaya kwa ajili ya safari ya kesho, akaona ni jambo dogo mno kumsumbua mtu mzima.

Jumamosi Mama Elina alikwenda Tukuyu kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha asubuhi, na ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Saa kumi kamili vifaru viwili vikaamka. Walicheza vizuri, ngome tatu mfululizo, na mzee alikuwa mwepesi kuliko wiki nzima iliyopita. Kisha, kama saa kumi na dakika arobaini, kifaru chake kikarudi mbele ya ngome, kikasimama, kikaanza kupiga risasi. Moja kwa moja, bila kupumzika, bila kusogea.

Tulia alifurahi. Hilo analisema mwenyewe, na akilisema huwa anatazama chini. Kasoro aliyoitafuta wiki tatu ilikuwa imejileta mbele ya macho yake, mchana kweupe. Akafungua dirisha la pili la programu, akaanza kufuata vitufe vinavyoingia. Akatafuta ile habari ya kuachia iliyopotea. Hakuiona. Akabadilisha mistari miwili, akazima upande wake, akawasha upya. Kifaru cha mzee kikarudi kikipiga risasi vilevile.

Hapo ndipo alipopaswa kujua. Habari iliyopotea njiani isingerudi baada ya kuwasha upya. Kitufe kinachorudi kimebonyezwa ni kitufe kilichobonyezwa kweli. Mwanafunzi wake wa kidato cha pili angeliona. Lakini Tulia akajiambia pedi ya Kichina, kile kidude cha vitufe anachoshika mzee, imekwama, vumbi la tumbaku limeingia, mzee ameiweka chini na kwenda zake shambani.

Alitoka nje. Aliteremka hatua zile ishirini, akafika chini ya upenu wa nyumba ya mzee, akasimama pembeni mwa mlango. Ndani risasi za gemu zililia bila kukoma. Akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena, kwa nguvu kidogo. Hodi hakupiga, maana mkwe hapigi hodi kwa baba mkwe, na kuita asingeweza, kwa jina gani? Akatafuta mtu wa kumtuma. Njia ilikuwa tupu. Jirani yao Jackson, mwenye gari dogo la kubebea parachichi, alikuwepo upande wa pili wa bonde, na simu ilikuwa mfukoni. Lakini umpigie mtu simu aache shughuli zake kwa sababu ya pedi iliyokwama? Akarudi kwenye kompyuta yake, akaendelea kutafuta kosa kwenye kazi yake, kama alivyozoea.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo alimsikia Mama Elina akifika, akisukuma mlango, akiweka mkoba. Mama Elina hakupiga kelele. Alitoka mpaka mlangoni, akasema, "Tulia, ingia."

Tulia alisimama kati ya migomba bila kusogea.

"Ingia, nimesema."

Mzee alikuwa kitini, ameegemea upande, mdomo umevutika, pumzi inakoroma. Pedi ilikuwa pajani, na kiganja chake cha kulia kimeilalia kwa uzito wote. Walimbeba wanawake wawili, mmoja mabega, mmoja miguu, mpaka kwenye gari la Jackson, aliyepigiwa simu akaja mbio. Tulia ndiye aliyeshika miguu, na njia nzima alikuwa amegeuza uso pembeni, kwa mazoea. Mikono ilimbeba, macho yaliendelea kumkimbia.

Hospitalini daktari kijana, mtu wa mbali aliyepangiwa huku, aliuliza hali hiyo ilianza saa ngapi. Mama Elina akasema hakuwepo. Tulia, aliyekuwa barazani nje ya mlango, akajibu kutoka hukohuko: saa kumi na dakika arobaini na kitu. Daktari aliandika. Kisha akatazama saa yake, akasema, "Tungempata mapema kidogo," na hakuimaliza sentensi. Mzee alikaa siku tatu bila kufumbua macho. Ya nne asubuhi akafariki.

Mbuzi wa Krismasi alichinjwa msibani. Watu walipopangwa kumuaga marehemu, Tulia alibaki nyuma na wanawake wa jikoni, mpaka Mama Elina alipokuja kumshika mkono. "Njoo umsalimie," alisema. "Leo hakuna wa kukukataza." Tulia akafika, akatazama. Masikio ya Asajile. Kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Midomo yake ilikuwa imetayarisha "Ugonile, baba," salamu aliyoifanyia mazoezi tangu mwezi wa saba, ikakataa kutoka. Foleni ikamsukuma mbele.

Miezi miwili kompyuta ilikaa chini ya kitenge. Alifundisha, alisahihisha, alirudi, alilala. Saa kumi ilipofika alikwenda kupalilia, hata pasipo na majani. Lakini jambo moja lilimla ndani kwa ndani: lilikuwa kosa la programu, au la? Maana kama Sebule kweli ilikuwa na kasoro siku ile, kama vitufe vilipotea njiani kabla mzee hajazidiwa, basi alikuwa na haki ya kuitafuta kasoro, na angeweza kulala. Aliiombea kazi yake iwe mbovu. Fundi gani huomba hivyo?

Na Sebule ilikuwa inaandika kila kitu. Kila kitufe, cha nani, saa ngapi, hata sehemu ya sekunde. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea daftari hilo ili limsaidie kuwinda makosa. Tarehe ishirini na nne ya Desemba, mchana, shule zikiwa zimefungwa na Mama Elina akichambua maharage nje, alifunua kitenge akawasha.

Akasoma mstari kwa mstari. Hakuna habari iliyopotea. Hata moja. Programu ilikuwa haina kosa.

Saa kumi na dakika arobaini na moja, mchezaji wa pili amebonyeza kitufe cha kusimamisha. Mara moja. Amekishikilia sekunde kumi na moja. Pembeni yake, kwa herufi ndogo, Sebule ilikuwa imeandika neno ililofundishwa Ijumaa: kimepuuzwa. Kisha kimeachiwa. Kisha kitufe cha risasi kimebonyezwa, na mistari iliyofuata, kurasa na kurasa, ilikuwa hiyohiyo mpaka saa kumi na mbili kasoro.

Alikuwa ameita. Mtu asiyeweza kumwita mkwe wake kwa mdomo alitumia kitufe pekee walichoelewana nacho, akakishikilia sekunde kumi na moja, na yule aliyekuwa akisubiri hata nusu saa kwa ajili ya kutema tumbaku alikuwa amekiziba kwa mkono wake mwenyewe. Mchezo ungesimama siku ile, Tulia angesubiri, na mzee asiporudi angeshtuka, maana kitufe hicho hakikuwahi kukwama. Majuto ni mjukuu, watu husema. Huyu alikuja amekomaa.

Kisha akafanya jambo moja tu alilojua kulifanya: akautafuta ule mstari wa Ijumaa, akaufuta. Akaiamuru Sebule iucheze upya mchezo wa Jumamosi kutoka kwenye daftari, kitufe kwa kitufe.

Vifaru viwili vikaamka. Ngome ya kwanza. Ya pili. Alimwona mzee akimfunika upande wa kushoto, kama kawaida yake, akimwachia yeye njia rahisi. Ngome ya tatu. Kifaru cha mzee kikarudi taratibu mbele ya ngome, na hapohapo kila kitu kikasimama. Risasi zikaning'inia hewani. Maji yakaacha kutembea. Sauti ikakatika.

Mama Elina, aliyesikia milio ile baada ya miezi miwili, alikuwa ameingia na ungo wake. Alisimama nyuma ya kiti.

"Kimeharibika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni baba. Amebonyeza nisubiri." Tulia akamweleza yote, na mstari wa Ijumaa, na sekunde kumi na moja, bila kujitetea, bila kuacha kitu. Alipomaliza hakugeuka kumtazama mama.

Mama Elina alivuta kigoda akakaa, maharage mapajani. Alikitazama kile kifaru.

"Siku ile ya Ijumaa ungeniambia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ningemwambia."

"Najua."

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakumwambia kwamba hana kosa, na Tulia alimshukuru kwa hilo kuliko kwa maneno yote ya msibani. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi madogo yanayouliza kama mchezo uendelee. Tulia aliondoa mikono yake kwenye vitufe, akaiweka magotini. Akasema, "Ugonile, baba. Nakusubiri." Mama Elina akaanza tena kuchambua maharage, na wote wawili wakakaa pale wakisubiri.